Mkasi wa kupogolea kwa mwindaji wa dunguni: jinsi ya kuuchagua, kuutumia na kuutunza

Kijiti chembamba kama penseli kinatosha kuharibu mawindo ya msimu mzima. Mshale ukikigusa njiani unapinda, na unapopinda hujui utaishia wapi. Bahati ikiwa yako, utamkosa kulungu kabisa. Bahati ikiwa mbaya, utampata tumboni au pajani, akimbie na jeraha akafie kusikojulikana. Risasi nayo haina ubabe unaosimuliwa. Utawasikia wawindaji wakongwe wakiapa kwamba risasi nzito iendayo polepole hupasua kichaka na kuendelea na safari yake. Si kweli. Risasi ya aina yoyote ikigonga kijiti inaweza kuacha njia, na kadiri kijiti kinavyokuwa mbali na mnyama ndivyo inavyozidi kwenda kombo kabla ya kumfikia.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu walioko Marekani wanaowinda kulungu mkia-mweupe kutoka juu ya dungu, kwa upinde au kwa bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji una leseni na taratibu zake, kwa hiyo wengi wetu tumeanza kuwinda tukiwa huku huku, tukifundishwa na jirani au mfanyakazi mwenzetu wa Michigan, Pennsylvania au Texas. Hao wenyeji wakitaka kuondoa vijiti vinavyoziba njia ya mshale huchomoa mkasi wa kupogolea kwenye ala. Sisi mkono unakwenda wenyewe kwenye panga.

Panga liache nyumbani. Panga linahitaji nafasi ya kulizungusha, na mtu aliyefungwa mkanda mtini mita 5 juu ya ardhi hana nafasi hiyo. Kila pigo linasikika mbali. Linaacha visiki vyenye ncha vya kukuchoma gizani alfajiri, na linachana gamba la mti wa mwenye shamba ambaye ulimbembeleza miezi akupe ruhusa. Mkasi unakata kwa mkono mmoja, pale pale unapotaka, bila kishindo.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: nunua mkasi wa ukubwa wa kati, wenye bapa (vyuma vya kukatia) za kupishana, usiopiga kelele, halafu uwe na msumeno mdogo wa kukunja. Mikasi mikubwa inayojigamba kukata matawi ya inchi mbili iache dukani. Sababu utaziona mbele.

Hatua ya kwanza: jua unaruhusiwa kukata nini

Watu wengi huanza na duka. Anza na ardhi utakayowindia, kwa sababu huenda mkasi usiuhitaji kabisa.

Kwenye misitu ya taifa ya Marekani, kanuni za shirikisho zinakataza kukata au kuharibu miti bila idhini, na tawi la mti ni sehemu ya mti. Kwenye hifadhi za wanyamapori za shirikisho ni marufuku kufunga dungu kwa misumari, waya, skrubu au bolti, na ni marufuku pia kuwinda ukiwa kwenye mti uliopigiliwa chuma cha kukushikilia, hata kama aliyekipigilia si wewe. Ardhi za majimbo kila moja ina masharti yake, na yamo kwenye kijitabu cha kanuni za uwindaji kinachotolewa kila mwaka na idara ya maliasili ya jimbo. Kisome. Afisa wa wanyamapori akikukuta chini ya matawi mabichi yaliyokatwa hatakuuliza kama ulisoma.

Mahali ambapo kukata hakuruhusiwi na kanuni hazikatazi kufunga kamba, vuta tawi pembeni kwa kamba laini, lifunge, na ukiondoka ulifungue. Njia hii hudharauliwa, ilhali hata kwenye shamba la mtu binafsi mara nyingi ndiyo bora, maana tawi linarudi mahali pake na mti hauna kidonda.

Kwenye shamba la mtu, ruhusa ya kuwinda si ruhusa ya kukata. Uliza waziwazi: “Naweza kupunguza vijiti vinavyoziba mbele ya dungu, visivyozidi unene wa kidole gumba?” Mkulima akisikia kipimo hicho moyo wake unatulia. Huenda ana mialoni au miti ya walnati anayoitunza kwa ajili ya mbao, na tawi unaloliona ni kero kwako ni fedha kwake.

Hatua ya pili: pima matawi kabla hujapima mikasi

Chukua sarafu mbili za Kimarekani. Ya senti moja ina kipenyo cha milimita 19, ya senti 25 ina milimita 24 na ushei. Nenda mpaka chini ya mti wako, simama mahali unapotarajia kulungu atapita, uangalie vile vinavyokuzuia kuona kiti cha dungu. Kisha anza kuweka sarafu kwenye matawi.

Utashangaa. Karibu yote yanayoziba ni membamba kuliko sarafu ya senti moja. Machipukizi ya waridi pori, mitambaa ya miiba inayoning'inia, vijitawi vya chini vya mwaloni mchanga. Mkasi mzuri wa mkono hutangazwa kuwa unakata hadi milimita 20 au 25, lakini hicho ni kikomo cha mti mlaini ulio mbichi. Kwa mti mgumu kama hikori, au tawi lililokufa na kukauka likiwa bado mtini, toa theluthi nzima ya hesabu hiyo. Kanuni yangu ni nyepesi: lililo jembamba kuliko sarafu ya senti moja ni la mkasi, lililo nene zaidi ni la msumeno.

Angalia pia ni mabichi au makavu. Hapa ndipo uamuzi wa aina ya mkasi unapofanyika.

Hatua ya tatu: chagua aina

Ziko tatu, na tofauti zake si za urembo.

Mkasi wa bapa za kupishana una ubapa mmoja mkali unaopita kando ya mwingine butu, uliopinda kama ndoano. Ndoano inashika tawi, ubapa unapita. Unakata mti mbichi bila kuuponda, na unaweza kukaribia shina kabisa kwa sababu ubapa wake ni mwembamba. Udhaifu wake ni mti mkavu mgumu. Ukilazimisha, bapa mbili zinaachana, pengo linatokea kati yake, na kuanzia hapo mkasi unatafuna badala ya kukata.

Mkasi wa fuawe una ubapa mmoja ulionyooka unaoshuka juu ya bati pana, kama kisu kinavyoshuka juu ya ubao wa jikoni. Nguvu yote inakwenda kwenye makali, kwa hiyo mti mkavu unakatika kwa urahisi. Lakini mti mbichi unapondwa upande wa fuawe, na unene wa lile bati unakuzuia kukata karibu na shina. Unabaki na kisiki.

Mkasi wa racheti, kwa kawaida, ni wa fuawe uliowekewa meno. Unabana, unalegeza kidogo, unashika jino linalofuata, unabana tena. Tawi ambalo ungelikata kwa kukunja uso unalikata kwa awamu tatu au nne bila jasho. Kwa mwenye yabisi ya viungo vya vidole, au mzee ambaye mkono hauna tena nguvu ya zamani, racheti ni ukombozi. Nchini Marekani ndiyo inayouzwa sana kwa wawindaji, na matangazo yake hupenda kumwonyesha mtu akikata tawi nene kwa vidole viwili.

Tatizo la racheti kwa mwindaji ni mawili. Kwanza mlio. Tik, tik, tik. Kwenye bustani hausumbui mtu, lakini saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba, hewa imetulia na majani yameganda, kulungu aliye umbali wa mita 60 atageuza masikio. Pili ni kwamba mkasi lazima ufunguke wazi kabisa ili meno yarudi mwanzo, na ukiwa umejibana katikati ya matawi hiyo nafasi mara nyingi huna.

Kwa hiyo: kama unasafisha wakati wa kiangazi na msitu wako umejaa matawi makavu, racheti itakufaa. Kama unataka mkasi mmoja wa kwenda nao kila mahali hadi siku ya mawindo, chukua wa kupishana. Ningekuwa na fedha ya mkasi mmoja tu, nisingefikiri mara mbili.

Hatua ya nne: uingie mkononi mwako, ukiwa umevaa glavu

Hapa watu hukosea sana, kwa sababu wanajaribu mkasi dukani mwezi wa nane wakiwa mikono mitupu, kisha wanautumia Novemba wakiwa na glavu nene.

Nenda dukani na glavu zako za kuwindia. Fungua mkasi. Vidole vinne vifike kwenye mpini wa chini bila kunyooka kupita kiasi. Kama kidole kidogo kinaning'inia, mkasi ni mkubwa kwako. Felco ya Uswisi, kampuni iliyoanza mwaka 1945, ni mfano mzuri wa kuelewa tofauti hii. Toleo lake namba 2, lenye mipini myekundu inayojulikana duniani kote, lina uzito wa gramu 240 na hukata hadi milimita 25. Namba 6 imetengenezwa kwa viganja vidogo, ina gramu 210 na hukata hadi milimita 20. Milimita hizo tano unazopoteza hazina kazi dunguni, ukikumbuka zile sarafu, na mkono mdogo hauchoki. Kwa watumiao mkono wa kushoto ipo namba 9. Usikubali kuambiwa kwamba mkasi wa kulia unafaa mikono yote. Mtu wa mashoto akiutumia, ubapa mkali unakuwa upande asiouona, na kidole gumba kinakosa kufikia kifungo kinachozuia mkasi usifunguke.

Kifungo ndicho kitu cha pili. Mkasi wa kuwindia unapandishwa mtini ukiwa umefungwa, kwa hiyo kifungo kinatakiwa kifunguke kwa kidole gumba cha mkono ule ule ulioshika mkasi, glavu ikiwa imevaliwa. Mkono wa pili una kazi ya kushika mti. Jaribu mara kadhaa. Vile vifungo vya kitanzi cha ngozi au cha waya mwishoni mwa mpini vinahitaji mikono miwili, hivyo viache kwa wa bustanini.

Mipini mingine hufunikwa raba au plastiki, mingine ni alumini tupu. Baridi ikishuka chini ya sifuri, alumini tupu inauma hadi ndani ya glavu. Chukua yenye kufunikwa.

Hatua ya tano: sikiliza mkasi

Ukiwa bado dukani, shika mkasi karibu na sikio, ufunge na kuufungua taratibu, halafu kwa haraka. Sikiliza mambo matatu. Springi: ikilalamika ikiwa mpya, itapiga kelele ikishika kutu. Mwisho wa safari: mipini inapokutana, je, chuma kinagonga chuma na kutoa mlio mkali, au kuna kipande cha raba kinachopokea kishindo? Mikasi mizuri ina kiraba hicho, na huokoa pia viungo vya mkono. Tatu, funga mkasi kwa kifungo chake kisha utikise. Chochote kinachocheza kitacheza pia kiunoni mwako ukitembea.

Bado hujamaliza. Uelekeze mkasi uliofungwa kwenye taa na uangalie kati ya bapa. Mwanga kidogo karibu na egemeo, pale bapa mbili zinapoungana, hauna neno, lakini ukiuona mstari wa mwanga hadi nchani, bapa hazikutani vizuri. Kama mwenye duka ni muungwana, omba karatasi ya risiti uikate kwa ncha. Mkasi wa kupishana uliotengenezwa vizuri unaikata hadi mwisho, ukingo ukiwa safi. Ule mbaya unaikunja karatasi katikati ya bapa na kuimeza. Na kama unaikunja karatasi, utafanya vivyo hivyo na gamba la mti mbichi: utabaki na uzi wa gamba unaoning'inia, uanze kuuvuta huku na huku, mti wote utikisike.

Rangi ya mipini isikusumbue. Wapo wanaotafuta mikasi ya rangi za kijeshi ili kulungu asiione. Kulungu haoni vizuri rangi nyekundu na ya machungwa. Kinachomshtua ni mwendo. Wewe ndiye unayehitaji kuuona mkasi ulioanguka kwenye majani makavu. Mipini myekundu au ya machungwa ni msaada mkubwa.

Hatua ya sita: chuma na bei

Chuma chenye kaboni nyingi hunoleka vizuri na kushika makali muda mrefu, lakini hushika kutu ukiusahau mkasi na unyevu. Chuma kisichoshika kutu hustahimili mvua na huwahi kuwa butu. Mikasi mingi ya bei ya kati ni ya kaboni iliyopakwa rangi nyeusi ya kuzuia utomvu na kutu; inafanya kazi mpaka rangi itakapochubuka, na baada ya hapo ni mafuta yako tu.

La msingi kuliko aina ya chuma ni hili: je, bolti ya egemeo inafunguka? Mkasi uliofungwa kwa ribiti hauwezi kufunguliwa, kunolewa vizuri wala kukazwa ukilegea. Wenye bolti unafunguka, na kwa makampuni yanayojiheshimu unaweza kununua ubapa na springi peke yake. Felco huuza kila kipande cha mkasi wake. Corona ya California na ARS ya Japani wana mikasi yenye bapa za kubadilishwa pia, kwa bei isiyotisha. Mkasi wa dola 10 hadi 15 utakufikisha mwisho wa msimu mmoja kama hautaudai mengi. Kuanzia dola 20 hadi 40 unapata kitu cha kudumu. Felco huanzia dola 60 hivi na kuendelea, na unaweza kumwachia mwanao.

Hatua ya saba: msumeno wa pembeni

Msumeno wa kukunja wenye ubapa wa sentimita 15 hadi 18, unaokata ukiuvuta, hukamilisha kazi. Ukivuta, ubapa unanyooka na mwili wako unabaki karibu na mti. Ukisukuma, uzito unakutoa nje. Kwa matawi ya mbali, msumeno wa mti mrefu utumie ukiwa umesimama chini, kiangazi. Sina zaidi ya kusema hapo.

Hatua ya nane: kata kwa wakati wake

Vipindi viwili ndivyo vizuri. Cha kwanza ni mwisho wa majira ya baridi, msimu ukiwa umefungwa: majani hayapo, njia za kulungu zinaonekana kwenye theluji, na una miezi mingi ya harufu yako kupotea. Cha pili ni Agosti, majani yakiwa yamejaa. Kila kipindi kina hila yake. Matawi ya kiangazi huinamishwa na uzito wa majani, zaidi mvua ikinyesha, na majani yakianguka matawi huinuka. Kwa hiyo tawi linaloziba mwezi Agosti huenda Novemba likawa juu ya njia yako bila kukatwa. Ukiwa na shaka, liache.

Usikate wiki moja kabla ya kufungua msimu. Upinde Michigan hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Ukiingia na mkasi mwisho wa Septemba, unaacha jasho lako kwenye kila jani na vidonda vyeupe kwenye kila shina, na kulungu wakubwa husoma hayo yote usiku.

Kuna jambo ambalo wawindaji wengi hawalijui na wenye mashamba wanalijua vizuri mno. Mwaloni una ugonjwa wa mnyauko, unaoletwa na kuvu. Wadudu wadogo wanaovutiwa na utomvu wa kidonda kipya hubeba kuvu hilo kutoka mti mgonjwa hadi mti mzima. Mialoni ya kundi jekundu ikipata huweza kufa ndani ya wiki chache. Ndiyo maana Minnesota na Michigan wataalamu hushauri mwaloni usikatwe kuanzia Aprili hadi Julai, na Texas kuanzia Februari hadi Juni. Ikilazimu kukata katika miezi hiyo, paka kidonda rangi papo hapo; Texas hushauri upake mwaka mzima. Kopo dogo la rangi kwenye begi halina uzito.

Hatua ya tisa: namna ya kukata

Njooni wawili. Mmoja apande dunguni, akae kama atakavyokaa siku ya mawindo. Wa chini atembee pale kulungu wanapopita akishika kijiti usawa wa kiuno, ambao ndio karibu urefu wa kifua cha kulungu. Wa juu aelekeze: hicho, hapana, kile cha kushoto. Bila mtu wa juu utakata mara mbili ya inavyohitajika.

Wa upinde akumbuke kwamba jicho na mshale havipiti njia moja. Mshale unaanza chini ya jicho lako, unapanda, na kwa mbali kidogo unapita juu ya mstari wa macho kabla ya kushuka. Unaweza kumwona kulungu wazi kabisa na bado mshale ukagonga kijiti kilicho juu ya pale unapotazama. Safisha pia nafasi ya mabawa ya upinde unapouvuta. Upinde wa mtambo, ule wa kufyatua kwa kifyatulio, mabawa yake hutanuka pembeni na hugonga vitawi ambavyo hukuviona.

Vichochoro vitatu au vinne vyembamba vinatosha. Matawi ya nyuma yako na ya ubavuni usiyaguse, hayo ndiyo yanayokuficha.

Kwenye tawi lenyewe, elekeza ubapa mwembamba upande wa shina na ndoano upande wa kinachoanguka, kwa sababu ndoano huponda kidogo. Angalia tawi linapoungana na shina: pana uvimbe kama pete. Kata nje kidogo ya pete hiyo, usiiondoe na usiache kisiki. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alionyesha kwamba mti haujazi kidonda nyama mpya kama mtu, bali hukizungushia ukuta, na ile pete ndiyo yenye kujenga sehemu kubwa ya ukuta.

Ingiza tawi ndani kabisa karibu na egemeo, si nchani. Bana mara moja, kwa kutulia. Likigoma, usizungushe mkasi kama mtu anayefungua kizibo. Hapo ndipo bapa zinapoachana. Toa mkasi, chukua msumeno.

Matawi yaliyokatwa yaburute nje ya kichochoro. Ukiyapanga mahali ambapo hutaki kulungu apite, atazunguka na kukuletea ubavu.

Juu ya mti

Mkanda wa mwili mzima uvae kabla mguu haujaacha ardhi, uunganishwe na kamba ya usalama njia yote ya kupanda na kushuka. Kuanguka dunguni ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji Marekani, na kunyoosha mkono kufikia tawi la mwisho ni mwaliko wa wazi. Tawi usilolifikia huku kiwiliwili kikiwa juu ya kiti, si la mkasi wako.

Mkasi ukae kwenye ala, umefungwa kwa kifungo, na kamba fupi iuunganishe na mkanda. Msumeno, upinde na begi vipandishwe kwa kamba baada ya wewe kujifunga. Ukikata juu ya uso vaa miwani. Na siku ya mawindo yenyewe mkasi ni wa dharura: kile kijitawi kimoja ulichokigundua baada ya kukaa. Kikate kabla hakujapambazuka, upepo ukivuma, kisha uurudishe kwenye ala.

Utunzaji

Mtambaa uitwao poizoni aivi ndio unaoharibu siku za watu. Una majani matatu matatu, na shina lake likipanda mti huwa na nywele nyingi kama kamba iliyofumuka. Mafuta yake huwasha ngozi na kuitoa malengelenge, hata majira ya baridi majani yakiwa yamepukutika, na hubaki kwenye chuma muda mrefu. Ukiukata, mkasi usiushike tena kwa mkono mtupu mpaka uuoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi au spiriti, glavu zikiwa mkononi. Usiuchome moto, moshi wake ukivutwa unaumiza mapafu. Na unapofanya kazi za kiangazi, kagua kupe ukirudi nyumbani, kwa sababu kupe wa kulungu hueneza ugonjwa wa Laimu.

Mkasi wa matawi usiutumie kuchinjia. Wapo wanaokatia miguu na mbavu za kulungu, na kweli unakata. Lakini ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, husababishwa na protini zilizoharibika ambazo kuchemsha hakuziui. Mkasi wa nyama uwe wake.

Kunoa si kazi ngumu. Fungua bolti, sugua utomvu kwa sabuni na steelwuli, kausha. Chukua tupa ndogo ya almasi, ifuate pembe iliyowekwa na kiwanda, ambayo huwa kama digrii 20 hadi 25, ukisukuma kutoka egemeo kwenda nchani kwa mwelekeo mmoja. Noa upande uliochongwa tu. Upande bapa upitishe tupa mara moja, ikiwa imelala kabisa, kuondoa ukingo uliokunjika. Ndoano usiinoe. Unapokaza bolti tena, kaza mpaka mkasi ufunguke kwa springi bila kusita na bapa zisicheze ukizisukuma kwa pembeni.

Mafuta tumia ya madini yasiyo na harufu, tone moja kwenye egemeo na moja kwenye springi. Yale ya kupuliza ya gereji kulungu huyanusa kabla hujafika mtini. Funga mkasi, uweke mahali pakavu nje ya ala, kwa sababu ala ya ngozi hushika unyevu na kuupeleka kwenye chuma, na springi ya akiba iwe kwenye begi.